Firigisi ya Kondo wa Mbele

Palikuwa na nchi, na ipo bado msipoiombea mabaya, ambayo raia wake walikuwa na kasoro moja tu. Kasoro nyingine zote zilikwisha kushughulikiwa na redio ya taifa: redioni barabara zilikuwa na lami, zahanati zilikuwa na dawa, na maji yalitoka bombani hata watu wakalalamika kuloa. Lakini kasoro hii moja iliwashinda hata watangazaji. Raia hawakuwa na habari na siku zijazo. Mtu akipata kuku, alimla siku hiyo hiyo. Akivuna mahindi, alichoma ya kuchoma, akauza ya kuuza, na mbegu akazipika pure. Serikali ilisikitika sana, kwa sababu yenyewe ilikuwa inaishi siku zijazo tu, na huko ilikuwa mpweke.

Ndipo Mheshimiwa Daktari Fumbuka Ngoshani alipotumwa ng'ambo kuhudhuria semina ya saikolojia. Semina ilikwisha, yeye akabaki kuisindikiza, na aliporudi alikuwa na masanduku mengi na ugunduzi mmoja. Wananchi walikusanywa uwanjani kuupokea.

"Ndugu wananchi!" alisema Mheshimiwa. "Wataalamu wa huko wamemwingiza binadamu kwenye mashine wakamchungulia ubongo. Wakaona kwamba mtu akijifikiria alivyo leo, ubongo unawaka hapa." Akajigusa paji la uso. "Lakini akijifikiria atakavyokuwa miaka kumi ijayo, ubongo unawaka pale unapowaka akimfikiria mtu baki. Mtu baki, ndugu zangu! Maana yake nini? Wewe wa mbele, kwako wewe wa sasa, ni mgeni!"

Watu waligeuka kutazamana, wengine wakajipapasa mifukoni.

"Wenzetu wa ng'ambo waliposikia hivyo walihuzunika. Mimi nilicheka mpaka wakaniletea maji. Nikawaambia, kwetu hiyo ni neema tupu! Kwani sisi mgeni tunamfanyaje?"

"Tunamkirimu!" uwanja ulijibu.

"Mgeni njoo!"

"Mwenyeji apone!"

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Mapokezi ya Siku Zijazo, naye Mheshimiwa Ngoshani, baada ya kukataa kwa muda unaofaa, akakubali kuwa waziri wake. Sheria ilikuwa nyepesi. Kila mtu mzima angechorewa picha ya Mtu wake wa Mbele, yaani yeye mwenyewe baada ya miaka kumi. Picha itundikwe sebuleni, mbele yake kiwekwe kiti ambacho hakikaliwi, na kila mlo mgeni awekewe kipande kizuri kuliko vyote. Na kwa kuwa mgeni mwenyewe alikuwa bado njiani na nyama haisubiri, gari la Wizara lingepita kila jioni kukusanya vipande hivyo na kuvipeleka kwenye Ghala Baridi la Taifa, vikamngojee mwenyewe. Ghala hilo raia hawakupata kuliona. Lakini maafisa wa Wizara walilikagua kwa bidii, na kadiri walivyolikagua ndivyo mashati yao yalivyozidi kugombana na vifungo.

Sasa katika mtaa wa Kisimani alikuwako kinyozi mmoja, Kondo Mbwana, mtu mwembamba, mcheshi, mwenye pengo mbele na upara katikati ya kichwa, jambo ambalo wateja wake walimvumilia. Sheria ilipotangazwa, Kondo aliifurahia. Alikuwa mtu aliyezipenda sana siku zijazo. Ukimwomba jambo lolote, hakukunyima, alikuahidi.

Picha yake ililetwa na Lukindo, Afisa Mapokezi wa Kata, mtu mfupi anayetembea ameinua kidevu ili aonekane na walio mbali. Wachoraji wa Wizara walikuwa wameagizwa wawachore wananchi kwa matumaini. Basi Kondo wa Mbele alikuwa na mashavu yaliyojaa, nywele nyeusi tele zilizopasuliwa njia upande, meno kamili, suti ya kijivu, na saa kubwa mkononi. Macho yake yalikupita kidogo juu ya bega, kama mtu anayesubiriwa mahali pengine.

"Ndiye mimi huyu?" Kondo aliuliza.

"Ndiye wewe, ila amekuzidi," Lukindo alisema. "Haya, mwamkie."

"Nimwamkie nani?"

"Bwana we, huyu amekutangulia miaka kumi. Kwenu hamkufundishwa adabu?"

Kondo aliitazama ile picha, akakohoa, akasema, "Shikamoo."

Picha haikusema kitu. Lukindo aliitega sikio, akaridhika. "Ameitikia. Wakubwa hawapazi sauti."

Hapo mlangoni alikuwa amesimama Siwema, mkewe Kondo na mama wa Nuru, binti yao aliyekwisha kuolewa, anajifuta mikono unga. Aliinua macho akaiona picha. Kisha, polepole, akaishusha kanga yake kichwani, akajitanda vizuri. Kondo aliliona hilo. Tangu alipomwoa hakupata kumwona akijitanda upya kwa sababu yeye ameingia.

Ijumaa Siwema alichinjisha kuku. Katika nchi ile, kama katika nchi nyingine ambazo huenda msomaji amezisikia, firigisi haihesabiwi kuwa nyama. Firigisi ni cheo. Anayeila ndiye mwenye nyumba, na wapo ndugu waliohama mji kwa sababu ilipakuliwa sahani isiyo yake. Kondo alinawa, akakaa mkekani, akapokea sahani yake, akaupekua wali mpaka chini. Alikuta shingo na mguu.

"Mama Nuru, kuku huyu hakuwa na firigisi?"

"Alikuwa nayo. Nimemwekea mgeni."

Kondo aligeuka. Mbele ya picha, juu ya kile kiti kisichokaliwa, ilikuwapo sahani imefunikwa kawa jipya.

"Lakini mgeni si mimi mwenyewe?"

"Basi ngoja ufike, baba," Siwema alimjibu bila ubaya wowote, akaendelea kula.

Siku ile Kondo alicheka. Ijumaa ya pili alicheka kidogo. Ijumaa ya tatu alikula shingo bila kusema neno, huku anaitazama sahani ya mwenzake, na moshi wa mchuzi wa mwenzake unampita puani ukienda zake juu. Jioni gari la Wizara lilipopiga honi, Siwema alitoka na sahani kwa mikono miwili, akamwambia dereva asiitikise.

Mambo hayakuishia kwenye firigisi. Kondo alianza kukuta sebule imefukizwa udi. Akakuta kiti cha mgeni kimeshonewa mto wenye maua ya uzi mwekundu, na yeye mto wake wa kulalia ulikuwa umetoboka tangu mwaka wa juzi. Akamkuta mkewe amenunua kanga yenye maandishi SINA HARAKA AJAYE NAMJUA, akamzunguka nyuma mara mbili kuyasoma maneno yale, akatamani yangekuwa ya mtu mwingine. Siku moja alirudi mapema, akasikia Siwema anazungumza ndani. Alisimama nyuma ya mlango, ameshika viatu mkononi kama mwizi wa nyumba yake.

"Ukija tutakwenda kwa mama, eti?" Siwema alikuwa anaiambia picha. "Macho yake yanazidi kufifia. Aliniletea salamu, anasema anataka aione sura yangu kabla kiza hakijaingia. Wewe utanipeleka, najua." Kisha akacheka kicheko cha taratibu, cha kifuani. Kondo alikijua kicheko kile. Kilikuwa chake, alikipata zamani wakati wa uchumba, na hakujua kilipotelea wapi.

Katika maneno yote yale, mambo ya mama hayakumwingia hata kidogo. Kilichomwingia ni kicheko.

Wivu ulimkaba. Nao haukuwa wivu wa kawaida, ule wa kumvizia jirani njiani na fimbo mpaka wazee wawaamue. Wivu huu haukuwa na wa kumpiga. Utakwenda baraza gani useme, nisaidieni, mke wangu ananyang'anywa na mimi? Kibandani kwake Kondo alianza kuwakata wateja masikio. Walimvumilia, kwa kuwa na wao walikuwa na picha nyumbani.

"Mkeo anazungumza nayo tu?" alisema mmoja, akijifuta damu. "Wangu amenihamisha chumba."

Mwanamume mmoja tu mtaa mzima alikuwa na raha, naye ni mwalimu Zongo. Alichorwa siku ambayo mchoraji anaumwa jino, akatoka na sura ya mtu aliyemeza nzi. Mkewe aliitazama picha ile mara moja, akasema huyo hata akichelewa si neno, akampakulia mumewe firigisi yake kama zamani. Watu walikuwa wakimpita Zongo barazani kwake amenawiri, wanamsalimu kwa uchungu.

Basi Kondo akatafuta njia ya kumkomoa mwenzake, na akaipata. Aliwaza hivi: huyu bwana wa ukutani anajivunia meno yangu, ini langu, na kibanda changu. Vitu vyote anavyovitegemea viko mikononi mwangu. Sasa aje avikute!

Aliacha kupiga mswaki. Alikula chumvi kwa kiganja na kuiambia picha, "Presha hii ni yako." Alikunywa pombe ya mnazi mpaka ukutani pakamyumbia, akasema, "Ini likuume wewe, mimi nalala." Aligombana na wateja wa kudumu mmoja mmoja, ili bwana mkubwa akifika akute kibanda kina buibui. Alilala kwenye umande makusudi, akikohoa kwa furaha. Hajapata kutokea mtu aliyemfanyia adui yake mabaya kwa uaminifu kama ule. Na kila asubuhi adui alikuwa pale pale ukutani, mashavu yamejaa, meno yanang'aa, haumwi popote.

Ndipo Kondo alipofanya kosa kubwa. Jumamosi moja, mbele ya wanawake waliokuja kusuka ukili wa mikeka na Siwema, aliingia sebuleni ameshika jembe la mpini mrefu, akaliegemeza kwenye kiti cha mgeni.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu mpe jembe. Huyu yuko ukutani tangu masika, anakula firigisi. Akalime!"

Ukili uliwaponyoka wanawake mikononi. Habari ilimfikia Lukindo kabla Kondo hajatoka nje.

Kesi ilisikilizwa na Baraza la Mapokezi, na kwa kuwa ilikuwa kesi ya kwanza ya aina yake, Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe. Kondo wa Mbele aliletwa garini, amefunikwa shuka jeupe, akawekwa jukwaani karibu na Waziri. Kondo wa sasa alitembea kwa miguu, akasimamishwa juani.

"Unashitakiwa kumpa mgeni wa taifa jembe kabla ya wakati," alisema Lukindo. "Una lolote?"

"Mheshimiwa, wahenga ndio waliosema. Siku mbili zimepita."

Waziri alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipenda sana watu wanaotaja wahenga, maana walimpa nafasi ya kuwasahihisha. "Ndugu Kondo, mgeni huyu amefika?"

"Yuko ukutani kwangu, Mheshimiwa."

"Sikuulizi aliko. Nakuuliza, amefika?"

"Hajafika."

"Sasa siku zake mbili zinahesabiwa tangu lini? Mgeni hachoshi mpaka afike, ndugu yangu. Ambaye hajafika hana kosa, hana deni, hajawahi kumkwaza mtu, na ndiyo maana Serikali yenu imeamua kumhudumia huyo kwanza." Watu wakapiga makofi. Waziri akainua mkono. "Na ningependa Baraza lielewe kinachomsumbua huyu bwana. Ni kijicho. Anamwonea kijicho mtu aliyefanikiwa."

Hukumu ilikuwa nyepesi: Kondo ajiombe radhi hadharani. Alisogea mbele ya picha. "Nisamehe, Kondo," alisema.

Umati ulisubiri. Lukindo akaitega picha sikio, akasimama wima. "Amesema atalifikiria."

"Masikini, ana moyo mzuri," Kondo alisikia sauti ya mwanamke, na alipogeuka akaona ni Siwema, anaitazama picha.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Siwema mbele na picha kichwani, Kondo nyuma. Walipofika penye daraja bovu Kondo alishindwa kujizuia.

"Mama Nuru, niambie kweli. Huyu bwana amenizidi nini?"

"Usiniulize hayo njiani."

"Nakuuliza hapa hapa! Amenizidi nini? Nywele?"

Siwema aliishusha picha, akaiegemeza kwenye ukingo wa daraja, ikitazama maji. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Kondo zaidi.

"Nywele za nini, Baba Nuru? Mimi nilikukubali na kipara chako. Lakini nani aliyenijulisha kwa huyu bwana? Si wewe? Nilipokwambia paa linavuja, ulisema litaezekwa. Nilipotaka jiko la nje, ukasema utanijengea. Kwa mama kila nikitaka kwenda ulisema nisiende peke yangu, watu watasema nini, utanipeleka mwenyewe. Umenisifia mtu mmoja anayeezeka, anayejenga, anayenipeleka kwa mama, umenisifia huyo tangu ulipokuja kunitolea posa. Wewe hapa sikukuona ukifanya hata moja. Walipomleta yule pale ukutani nikasema, kumbe yupo! Ndiye huyu niliyekuwa naambiwa habari zake."

Kondo aliitupia picha jicho.

"Mimi sikuolewa na wewe," alisema Siwema, akijitwisha picha yake. "Mimi niliolewa na yeye. Wewe ulikuja kumshikia nafasi."

Maneno yale yalimchoma Kondo, na mtu mwingine yangemfundisha jambo. Lakini mwenye wivu haoni ila mshindani wake, na Kondo usiku kucha alitoa somo moja tu: ikiwa mkewe anampenda yule, basi yeye atakuwa yule. Atafika.

Kinyozi hajinyoi. Asubuhi alivuka barabara akaenda kwa Nyange, kinyozi mwenzake, ambaye hawakuwa wakisemezana tangu wagombee kichwa cha bwana harusi mmoja. Alikaa kitini, akasema, "Nitengeneze niwe Kondo wa Mbele."

Nyange alimtazama kipara. "Nywele nitazitoa wapi?"

"Ziko sakafuni."

Nyange alikuwa fundi kweli, lazima tumpe haki yake. Alizichagua nyeusi zilizo bora kutoka vichwa vya mtaa mzima, akazipanga moja moja kwa gundi ya viatu, akazipasua njia upande. Pengo la mbele walilizibia nta ya mshumaa. Suti ya kijivu waliipata dukani kwa wakodishaji wa nguo za harusi, tumbo likapatikana kwa mto wenye maua ya uzi mwekundu ambao Kondo aliuiba nyumbani bila majuto, na saa ikapatikana isiyotembea. Nyange alimzungusha mbele ya kioo. Kondo alipojiona, jambo la kwanza alilohisi ni chuki. Mtu yule alikuwa mzuri mno.

Alaasiri aliingia mtaani kwa barabara kubwa, akitembea taratibu, macho yakiwapita watu juu ya mabega. Mwanamke wa kwanza kumwona aliangusha ndoo. Wa pili alipiga vigelegele. Alipofika mlangoni kwake mtaa mzima ulikuwa nyuma yake, mwalimu Zongo akiwa wa mwisho kwa wasiwasi.

"Hodi," alisema Kondo mlangoni kwake.

"Karibu," Siwema alijibu kutoka ndani, akatoka, akasimama.

Alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama nywele, suti, meno. Kisha akajitanda kanga yake, na machozi yakamtoka. "Umechelewa," alisema. "Ingia, baba. Ingia. Shikamoo."

"Marahaba," alisema Kondo, na alipokalishwa kwenye kiti kisichokaliwa alihisi raha na maumivu kwa pamoja, kwa sababu mkewe hakuwahi kumpokea yeye namna ile. Alimletea maji ya kunawa ya vuguvugu. Alimpepea. Kila alichotendewa kilikuwa kitamu, na kila kilichokuwa kitamu kilikuwa cha yule. Alimwonea wivu mtu aliyekaa ndani ya suti yake.

Umati uligawanyika, akaingia Lukindo anahema.

"Nani amekuruhusu kufika?" aliuliza.

"Nimefika," alisema Kondo wa Mbele. "Na nimesikia nimewekewa firigisi zangu tangu masika. Nazitaka."

Lukindo alijishika tumbo kwa mikono miwili. Aliwatazama watu waliojaa mlangoni, akaona wameanza kunong'ona, kila mmoja akikumbuka sahani zake. "Mzee," alisema, "ghala lina matengenezo. Hebu... hebu usifike kwanza mpaka nipige simu." Akatoka kinyumenyume, na hakuonekana tena mtaani kwa siku nyingi. Jioni ile redio ya taifa ilitangaza kwamba siku zijazo zimeahirishwa mpaka hapo zitakapotangazwa tena, na kwamba yeyote atakayejaribu kufika bila kibali atarudishwa alikotoka. Lakini hayo ni ya jioni.

Umati ulipomfuata Lukindo kumuuliza habari za ghala, Siwema alifunga mlango. Akaenda jikoni, akarudi na sahani yenye kawa. Ilikuwa Ijumaa. Kondo alilifunua kawa, na firigisi ilikuwa pale, imekaangwa kwa vitunguu, haina mwenziwe. Aliitia kinywani. Alifumba macho.

Siwema alikuwa amekaa mkekani mbele yake, mikono magotini, anamtazama anavyotafuna. Alikuwa msichana tena.

"Kula, usiharakishe," alisema. "Mimi nimeshafunga mzigo wangu. Niliufunga siku ile walipokuleta ukutani. Basi la kwa mama linapita sasa hivi, alaasiri hii. Mama bado anaona kidogo, nimeulizia. Ukimaliza kula tuondoke."

Kondo alikuwa na firigisi kinywani, mto tumboni, na kiti laini chini yake. Nje kulikuwa na jua kali. Gundi ilikuwa imeanza kumwasha kichwani. Aliwaza suti inayotakiwa dukani, akawaza watu wa kwa mama mkwe watakavyomkagua, na kabla hajawaza la tatu, kinywa kikajibu chenyewe, kwa upole, kama kilivyozoea.

"Nitakupeleka, mke wangu. Wiki ijayo."

Siwema hakusogea. Uso wake ulibaki vile vile kwa muda, kisha kitu kikazimika ndani yake, akamwinamia karibu, akamchungulia machoni.

"Aa," alisema polepole. "Kumbe ni wewe."

"Siwema..."

"Nyamaza, baba. Kula." Aliingia chumbani, akatoka na mzigo wake mdogo wa nguo. Mlangoni alisimama akaitazama picha ukutani, akamtazama mwanamume kitini, akatikisa kichwa. Hakuchagua hata mmoja. Kondo alisikia ndara zake zikishuka ngazi, zikapiga kokoto, zikaenda mwendo wa mtu anayejua njia na asiyehitaji kupelekwa.

Kondo alisimama nusu, akakaa. Kituo cha basi hakikuwa mbali. Angekwenda hata kwa kutambaa angemkuta. Lakini aende nani? Kondo wa sasa alikwisha kuachwa penye daraja. Kondo wa Mbele alikwisha kuachwa hapa. Mwenye wivu ana faraja zake za ajabu, na yeye aliinua macho akaiambia picha, "Angalau hakuondoka na wewe." Picha ilitazama juu ya bega lake, kule mlangoni.

Basi likapiga honi kituoni. Maisha yake yote Kondo, likimfika jambo zito, alikuwa na mtu wa kumtuma: mtu mwenye nguvu, mwenye nafasi, aliyekuwa mbele anakuja. Alimtafuta haraka haraka amtume amkimbilie mkewe. Akamkosa, kwa sababu mtu yule alikuwa amekwisha kufika, amekaa kitini, na firigisi ilikuwa bado kinywani mwake.